Tangawizi, mdalasini na bei ya baridi

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuwaache wanasiasa wapumzike kidogo, nasi tuingie jikoni. Jiko lenyewe liko mbali, katika nchi ya Korea, na kinachopikwa humo ni kinywaji kiitwacho sujeonggwa. Hutengenezwa kwa tangawizi, mdalasini, kitu cha kutia utamu, na matunda yaliyokaushwa. Huchemshwa kwa muda mrefu, huchujwa, kisha huachwa kipoe mpaka kiwe baridi kabisa. Hapo ndipo hunywewa, katika bakuli dogo, baada ya chakula, mbegu chache za msonobari zikielea juu. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea wekundu, mfano wa chai ya rangi iliyokolea.

Tangawizi na mdalasini, wewe na mimi tunavijua. Tunavitia katika chai ya maziwa, katika pilau, na wazee wa barazani wana kahawa yao ya tangawizi. Lakini kwetu viungo hivi ni vya moto. Mgeni akiletewa chai iliyopoa atajiuliza amewakosea nini wenyeji. Wakorea wao wanavinywa baridi, tena katikati ya majira ya kipupwe, wakati mito imeganda, katika sikukuu yao ya mwaka mpya. Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa hivyo atacheka.

Mimi sikucheka, nilivutwa na neno moja. Kila anayekieleza kinywaji hiki husema ni cha jadi. Sasa neno jadi sisi waandishi tunalipenda mno, na tukishalitaja huwa tunaona kazi imekwisha, kwamba kitu kimekuwapo tangu enzi na enzi na hakina haja ya kuulizwa maswali. Nilipoanza kusoma habari za sujeonggwa nikakuta kwamba kila kilichomo bakulini kiliingia kwa wakati wake, na kwa kila kimoja yupo mtu aliyelipa. Hata baridi yenyewe, ambayo leo tunaipata kwa kufungua mlango wa friji, iliwahi kuwa na bei, na walioilipa siyo walioinywa. Hayo ndiyo nataka tuyazungumze.

Tuanze na majina. Mdalasini ni neno tulilolipata kutoka kwa Waajemi kupitia kwa Waarabu, na asili yake, dar chini, maana yake ni mti wa Kichina. Kila mama anayemtuma mtoto dukani akalete mdalasini anaitaja China bila kujua. Vivyo hivyo pilipili manga: Manga ni Uarabuni, Omani na jirani zake, kule zilikotoka merikebu zilizoileta. Wakorea nao wamefanya vilevile. Pilipili manga wanaiita huchu, na jina hilo likiandikwa kwa herufi za Kichina linasomeka kuwa ni pilipili ya watu wa Hu, yaani wale wageni wa upande wa magharibi na kaskazini ya China. Pilipili hiyo haikuota Manga, wala haikuota kwa hao Hu. Kwao ni India ya kusini, pwani ya Malabar. Watu wa pande mbili za dunia, kila mmoja amekiita kitu kwa jina la mchuuzi aliyemletea.

Na sujeonggwa je? Su ni maji. Jeonggwa ni matunda au mizizi iliyopikwa ndani ya asali mpaka ikawa kama peremende. Kwa hiyo ni jeonggwa ya maji. Katika karne zilizopita jina hilo lilibeba vinywaji vya namna nyingi, vya mapeasi, vya yuja ambayo ni jamaa ya ndimu, na vinginevyo. Hiki cha matunda makavu na tangawizi kilikuwa kimoja tu kati ya ndugu wengi, kikaja kulichukua jina la ukoo mzima.

Shahidi wangu mkuu katika habari hii ni bwana mmoja aitwaye Hong Seok-mo, msomi aliyeandika kitabu cha desturi za mwaka mzima za Wakorea, mwezi kwa mwezi, kiitwacho Dongguk Sesigi. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha mwaka 1849. Katika mwezi wa 11, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, anaeleza vyakula vya majira ya baridi, na humo anaitaja sujeonggwa: matunda makavu yaliyolowekwa katika maji yaliyochemshwa, pamoja na tangawizi na mbegu za msonobari. Basi.

Umesikia mdalasini hapo, msikilizaji? Haumo. Mwaka 1849, katika maelezo ya mtu aliyejishughulisha kuandika mila za nchi yake, kinywaji ambacho leo Mkorea yeyote anakitambua kwa harufu ya mdalasini hakikutajwa kuwa na mdalasini. Tangu kitabu kile hadi jiko la leo, gome hilo limeingia, likajifanya mwenyeji, na sasa ukimpa Mkorea sujeonggwa isiyo na mdalasini atakuuliza hii ni kitu gani.

Sababu yake haihitaji mganga. Mti wa mdalasini unapenda joto. Ule unaotumiwa Korea ni mdalasini wa Kichina, wa China ya kusini na Vietnam. Katika Korea, ambako usiku wa Januari joto hushuka chini ya sifuri, mti huo haumei. Gome lake lilifika kwa biashara na kwa ujumbe wa wafalme, na mahali pake palikuwa sanduku la tabibu. Lilipimwa kwa mizani ndogo na kuandikiwa mgonjwa. Katika kitabu kikubwa cha tiba cha Heo Jun, kilichochapishwa mwaka 1613, mdalasini ni dawa. Kuutupia kiganja kizima katika sufuria ya kinywaji cha watoto ni jambo la watu ambao tayari wanaupata kwa bei ya dukani.

Tangawizi ni habari nyingine. Hiyo Wakorea wanailima wenyewe tangu zamani sana, na eneo la Bongdong, karibu na mji wa Jeonju, limekuwa na sifa ya tangawizi kwa miaka mingi. Kwa kuwa tangawizi huoza ikipigwa na baridi, wakulima wa huko walichimba mashimo chini ya nyumba zao na kuihifadhi humo, wakitumia joto la sakafu. Nyumba za Kikorea, lazima nieleze, zilikuwa na moto unaopita chini ya sakafu, nao huo moto uliwalinda watu juu na mbegu ya tangawizi chini. Ni akili hiyo!

Kuna kumbukumbu moja ya tangawizi ambayo kila nikiisoma hunifanya ninyamaze. Katika historia ya ufalme wa Goryeo, uliotawala Korea kabla ya ukoo wa Joseon, imeandikwa kwamba mwaka 1018 mfalme Hyeonjong alitoa majani ya chai, tangawizi na vitambaa kwa wazazi, wake na watoto wa wanajeshi waliouawa mpakani kaskazini. Zilikuwa zama za vita na Wakhitan. Mama amempoteza mwana, na ikulu inamletea tangawizi. Tunaweza kuona ni dharau, lakini nadhani tutakuwa tumekosea. Watu hawapeleki msibani kitu cha bure. Tangawizi ilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani ambavyo mfalme angeweza kuvishika mkononi na kusema poleni.

Mwandishi mwingine, Choe Yeong-nyeon, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1925, alisema kwamba wanawake wa ikulu ya Goryeo ndio waliokuwa wakiloweka matunda makavu katika maji ya tangawizi siku ya mwaka mpya. Huenda. Ila Goryeo ilianguka mwaka 1392, na miaka zaidi ya 500 ni mingi kwa habari ya jikoni kusafiri bila kuongezwa chumvi. Mimi nabaki na Hong Seok-mo.

Sasa hayo matunda makavu. Tunda lenyewe linaitwa gam, nalo ni la jamaa ya miti ya abunusi. Kwa umbo linafanana na nyanya kubwa, rangi yake ya chungwa lililoiva. Aina inayotumika hapa, ukiiuma ikiwa bado ngumu, hukausha ulimi na mashavu kuliko bibo la korosho. Lakini limenywe maganda wakati wa vuli, litungwe kwenye kamba, lining'inizwe chini ya upenu lipigwe na upepo wa baridi kwa wiki kadhaa, na ule ukakasi hupotea. Sukari yake mwenyewe hutoka nje na kulifunika kama unga mweupe. Hapo huitwa gotgam. Wilaya ya Sangju, kusini-mashariki ya nchi, inajulikana kwa kazi hiyo; wakati wa msimu nyumba zake zinakuwa kama zimevaa shanga.

Wakorea wana hadithi yake wanayowasimulia watoto. Simbamarara ameshuka kijijini usiku ana njaa, akasimama nje ya dirisha. Ndani mtoto analia. Mama anamwambia, nyamaza, simbamarara yuko nje. Mtoto halijali hilo, analia tu. Mama akasema, haya, chukua gotgam. Mtoto kimya! Simbamarara akajisemea, huyo Gotgam ni mnyama gani ambaye anaogopwa kuliko mimi? Akatimua mbio mpaka mlimani. Hadithi ya kuchekesha, lakini inakuonyesha utamu ulikuwa adimu kiasi gani. Sukari ya miwa haikuwa kitu cha nyumba ya mkulima. Palikuwa na asali kwa mwenye uwezo, palikuwa na shira ya nafaka, na palikuwa na tunda hili lililotiwa utamu na upepo.

Ndiyo maana nasema kinywaji kile cha mwaka 1849 kilikuwa na busara yake. Tangawizi ya shambani, tunda la uani, mbegu za msonobari wa mlimani. Na baridi? Ya bure. Unamimina katika mtungi, unauacha nje pamoja na mitungi mingine ya vyakula, na usiku wenyewe unafanya kazi.

Lakini ngoja tukifungue tena kitabu cha Hong Seok-mo, safari hii mwezi wa 5, yaani mwanzo wa kiangazi. Humo ameandika habari ya kinywaji kingine kiitwacho jehotang. Hiki kilitengenezwa na ofisi ya matabibu wa ikulu na kupelekwa kwa mfalme katika sikukuu ya Dano, siku ya 5 ya mwezi wa 5. Ndani yake mlikuwa na plamu chachu zilizokaushwa kwa moshi mpaka zikawa nyeusi, sandali, na mbegu za mimea miwili ambayo ni ndugu wa iliki, vyote vikasagwa na kupikwa na asali mpaka vikawa uji mzito. Uji huo ulitiwa katika maji baridi na kunywewa kuondoa joto. Mfalme aliwagawia pia maofisa wazee. Sandali haioti Korea. Asali ilikuwa ya kuhesabiwa. Na maji baridi mwezi wa 5 yanatoka wapi?

Yanatoka mto Han, mwezi wa 12 uliopita.

Mji wa Seoul ulikuwa na ghala za barafu tangu mwaka 1396, kando ya mto huo: Dongbinggo, ghala ya mashariki, kwa ajili ya ibada za kifalme, na Seobinggo, ghala ya magharibi, kwa ajili ya ikulu na maofisa. Mto ulipoganda kiasi cha sentimita 12 hivi kwenda chini, ilianza kazi ya kukata. Kwanza ilifanywa ibada kwa mungu wa baridi. Na majira yakija na joto lisilotarajiwa, iliombwa baridi, kama sisi tunavyoomba mvua. Halafu watu wa kando ya mto waliitwa. Waliitwa kwa amri, msikilizaji. Hii ilikuwa shokoa, ile kazi ya kulazimishwa ambayo babu zetu waliijua kwa jina hilo hilo. Walisimama juu ya mto ulioganda, upepo ukiwakata, wakapasua mabonge, wakayaburuta mpaka ghalani na kuyafunika kwa majani makavu. Walitandaza kamba juu ya barafu wasiteleze.

Miezi sita baadaye, katika mwezi wa 6, barafu hiyo iligawiwa maofisa. Hilo nalo limo katika kitabu kile kile: kila mwenye haki alipewa kibao cha mti, akakipeleka ghalani, akapewa fungu lake. Kibao hicho, kwa maneno ya kwetu, kilikuwa kibali. Yule aliyeikata barafu hakupewa kibao.

Jina la Seobinggo bado lipo Seoul hadi leo. Ni mtaa na ni kituo cha treni, na nadhani wengi wanaoshuka hapo asubuhi hawana muda wa kufikiria barafu. Kule Gyeongju, kusini, limebaki ghala la barafu la mawe lililojengwa mwaka 1738, limezama ardhini kama kaburi la mfalme, na wageni hulipiga picha.

Hivyo kitabu kimoja kinatupa vinywaji viwili vya baridi vyenye viungo. Cha kiangazi kinahitaji msandali wa ng'ambo, tabibu wa ikulu na shokoa ya mtoni. Cha kipupwe kinahitaji mtungi. Mimi sishangai ni kipi kimeingia katika kila nyumba.

Nisije nikadhaniwa natia chumvi kuhusu thamani ya viungo, nitasimulia visa viwili. Cha kwanza ni cha mfalme Seongjong, aliyetawala kuanzia mwaka 1469 hadi 1494. Katika miaka ya 1480 mfalme huyu aliwaomba Wajapani, zaidi ya mara moja, wamletee mbegu za pilipili manga ili zipandwe Korea. Pilipili ilikuwa dawa, na aliona nchi inategemea mikono ya wengine. Akajibiwa kwamba hata Japani haioti, inatoka nchi za kusini na wao pia wanainunua. Na hata angeipata, baridi ingeiua. Sisi tunaokaa katika nchi za joto hatujui kwamba huo nao ni utajiri. Karafuu ilipoletwa Unguja karne ya 19 ilikubali udongo, na historia ya visiwa vile ikageuka, kwa kheri na kwa shari, maana walioipanda na kuichuma walikuwa watumwa. Seongjong hakupewa hata nafasi hiyo ya kujaribu.

Kisa cha pili kimeandikwa na Ryu Seong-ryong, waziri mkuu wa Korea wakati wa vita vya mwaka 1592 hadi 1598, katika kitabu chake cha kumbukumbu za vita hivyo, Jingbirok. Anasema kwamba miaka michache kabla ya vita, alikuja Seoul mjumbe wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, jina lake Yasuhiro. Serikali ikamfanyia karamu. Karamu ilipochangamka, mjumbe yule akachukua punje za pilipili manga na kuzimwaga juu ya mkeka. Wanawake watumbuizaji na wapiga muziki wakaacha kila kitu, wakazigombania, wakasukumana. Mjumbe aliporudi alikofikia akamwambia mkalimani kwamba nchi hii imekwisha, nidhamu yake imeanguka. Mwaka 1592 majeshi ya Hideyoshi yakatua Busan.

Wanahistoria wengi hukitumia kisa hicho kuonyesha ulegevu wa Korea ya wakati ule. Ruhusa nitofautiane nao. Nikimtazama mpiga zumari aliyepiga magoti juu ya mkeka, naona mtu mwenye mshahara mdogo ambaye mbele yake imemwagwa dawa ya thamani. Kama angekuwa na pilipili nyumbani asingeinama. Aliyeimwaga alijua hilo, ndiyo maana aliimwaga.

Turudi kwenye bakuli letu. Karne ya 20 ililibadilisha kuliko karne zote zilizotangulia, na mabadiliko yalianzia kwenye kalenda. Kuanzia Januari 1896 serikali ya Korea iliacha kuhesabu miezi kwa mwandamo na kufuata kalenda ya jua. Kisha wakaja watawala wa Kijapani, kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, ambao waliusukuma mwaka mpya wa Januari mosi na kuubeza ule wa mwezi, Seollal, kuwa ni mambo ya kikale. Mtu angetegemea kwamba baada ya uhuru Seollal ingerudi. La hasha! Serikali za Korea Kusini nazo zilisema kusherehekea mwaka mpya mara mbili ni ufujaji. Likizo ikawa ya Januari mosi, na siku ya Seollal ofisi na viwanda vikafunguliwa kama kawaida. Watu hawakuiacha. Mwaka 1985 serikali ililegeza ikatoa siku moja, lakini bila kulitamka jina. Iliitwa Siku ya Mila za Watu. Ni mwaka 1989 tu jina la Seollal liliporudishwa rasmi, pamoja na likizo ya siku tatu.

Katika miaka yote hiyo kinywaji hiki hakikuwa na siku ya serikali. Kilikuwa na wanawake. Mama na bibi walichemsha tangawizi usiku wa kuamkia siku ambayo waume zao walitakiwa kazini asubuhi. Mila nyingi zinazosifiwa majukwaani zimevuka kwa namna hiyo, jikoni, bila tangazo, na waliozivusha hawakuandikwa mahali.

Kwenye mtungi wao, lakini, vitu vilikuwa vinabadilika. Baada ya vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953, nchi ilikuwa majivu, na msaada wa Marekani ukaja na ngano, sukari ghafi na pamba. Viwanda vilivyoota juu ya bidhaa hizo vikaitwa viwanda vya vitatu vyeupe. Kampuni ya sukari ya Cheil ilianzishwa mwaka 1953, na katika miaka iliyofuata mfuko wa sukari ukawa zawadi ya heshima ya sikukuu, kitu cha kumpelekea mkwe. Hivyo asali ya zamani ikaipisha sukari. Mwaka 1965 ilitoka friji ya kwanza iliyotengenezwa Korea, ya GoldStar. Friji zilipoenea, ile shokoa ya mto Han ikawa ndani ya sanduku linalonguruma pembeni ya jiko, na kinywaji cha kipupwe kikaanza kunywewa hata Agosti. Leo mikahawa hukitoa baada ya nyama ya kuchoma mwaka mzima, na kinauzwa pia katika makopo.

Wapo Wakorea wanaosikitika kuhusu makopo. Nawaelewa. Hata hivyo nawakumbusha kwamba sukari nayo ilikuja na meli, na mdalasini kadhalika.

Sasa, utakipikaje nyumbani? Nimejaribu mwenyewe, na mahitaji karibu yote yapo Kariakoo. Chukua tangawizi mbichi gramu 100, imenye na uikate vipande vyembamba. Chukua vijiti vya mdalasini gramu 50, uvioshe. Chemsha kila kimoja katika sufuria yake, kwa maji lita moja na robo, kwa moto mdogo, dakika 40 hivi. Usivichanganye mapema, wapishi wa Korea wanashikilia kwamba vikipikwa pamoja kila kimoja kinaimeza harufu ya mwenzake, na baada ya kuonja nimewaamini. Chuja kwa kitambaa, changanya maji yote mawili, tia sukari ya kahawia kama gramu 200, kisha rudisha motoni dakika kumi. Epua, acha kipoe, weka kwenye friji mpaka kesho yake.

Mdalasini wa dukani kwetu, hasa wa Unguja na Pemba, ni wa jamii nyingine na ule wa Kichina. Gome lake ni jembamba, limejikunja tabaka juu ya tabaka, na harufu yake ni ya upole. Wa Kichina ni gome nene, kali zaidi. Kwa hiyo kinywaji chako kitakuwa laini kuliko cha Seoul, na mimi sioni hasara hapo, ila uongeze vijiti viwili.

Kigumu ni gotgam. Mimi nililetewa pakiti moja na rafiki aliyekuwa masomoni huko, zilikuwa nane tu. Huzitii tangu mwanzo, maana hulainika mno na kulifanya bakuli kuwa na ukungu. Unatoa kokwa, unaziloweka katika kinywaji kidogo saa chache kabla ya kuandaa. Usipozipata, Wakorea wengine hutia daechu, tunda kavu ambalo ni ndugu wa kunazi zetu. Nilijaribu kunazi kavu, zikafaa. Mbegu za msonobari niliziacha, bei yake haisemeki.

Nilipoandaa, mwanangu wa mwisho aliuliza maziwa yako wapi. Mama yake akaonja, akaweka bakuli chini, akasema, "Baba Salma, hii si chai iliyopoa?" Nikamweleza habari ya mto Han, ghala za barafu na vibao vya mti. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua bakuli akanywa tena, akasema tangawizi ingeweza kuzidi kidogo. Safari ya pili nilitia gramu 130.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu barua zenu kuhusu kahawa.